Swali la Pili

Mimi si mwalimu. Mimi ni mpishi wa shule, huku Ganda,
na mwiko wangu umewazidi kimo watoto wa darasa la kwanza.
Dirisha la jiko halina kioo, lina wavu,
na kupitia wavu huo nawajua wote kwa sahani zao.

Thoya huchambua maharagwe kama mtu atoaye mawe kwenye mchele,
moja moja, ayapange ukingoni,
kisha namwona langoni na viazi karai,
na soda ya rangi ambayo Mungu hakuiweka kwenye tunda lolote.

Nyevu hanywi maji. Anakiogopa choo, mlango hauna komeo.
Midomo imempasuka, kichwa kinamgonga tangu kipindi cha kwanza,
na kwenye ripoti wameandika: mzembe.
Nikamwambia Mwalimu Kahindi: komeo moja, mwalimu, na misumari minne.
Akacheka.
Ijumaa akaja na nyundo.

Mwanasiti wa darasa la saba alianza kushiba kabla hajala.
Kuna aliyemwita pipa.
Sikumhubiria. Nilimpa mtsunga achambue,
tukakaa juu ya magunia, tukaonja chumvi,
tukaonja tena.

Mtsunga haumo kitabuni. Kitabuni mna stroberi.
Mtsunga umo nyuma ya darasa la nne, haukupandwa na mtu,
na uchungu wake ukikutana na tui
hulegea kama mgeni aliyepokelewa vizuri.
Sabuni nimeifunga kwenye soksi, inaning'inia mferejini,
maana sabuni isiyofungwa huota miguu.

Hayo ndiyo niliyoyajua, na nilijiona najua.

Jumatano akaja Baya wa darasa la sita,
daftari kwapani, penseli imetafunwa.
"Mama Umazi, tumepewa kazi ya nyumbani. Tumhoji mtu mzima.
Swali la kwanza: jina na kazi."
Nikajibu huku nakoroga.
"Swali la pili: jana ulikula nini?"

Mwiko ukasimama.

Asubuhi, chai ya rangi, sukari vijiko vinne, nimesimama.
Mchana, ukoko, nimesimama.
Usiku, chai tena, na hamri la juzi,
nimekaa, lakini nimelala nusu.
"Matunda?"
Nikaitazama ndoo ya maganda ya mapapai,
niliyowamenyea watu mia tatu na kumi.
"Maji?"
Nayachota, mwanangu. Nayachota mengi sana.
Akaandika kwa herufi kubwa. Hakutikisa kichwa.
Hakuniita mzembe.
Kisha akauliza, na hili sidhani lilikuwa kwenye karatasi:
"Sahani yako wewe, huwa anaiangalia nani?"

Nilimwambia aende, ugali unaungua.
Haukuwa unaungua.

Miguu yangu hufura jioni, ndara huniachia ufito mwekundu,
nami husema, ni umri.
Zahanati iko hatua mia mbili kutoka langoni.
Miaka tisa naipita na unga kichwani.
Alhamisi niliingia bila unga.
Nesi akanifunga ule mkanda mkononi, akapuliza,
akasoma, akakunja uso, akapuliza tena.
"Chumvi, mama? Usingizi?"
Nikasema, kuna kijana ameshaniuliza yote hayo,
na ana miaka kumi na miwili.

Leo, kabla ya kengele, nimegeuza ndoo, nimeikalia.
Papai kipande. Mtsunga. Ugali kiasi cha ngumi.
Glasi ya maji, nimeinywa mpaka chini
kama mtu anayelipa deni la zamani.

Upande wa pili wa wavu, foleni imeanza.
Thoya wa kwanza, sahani mkononi, ananitazama ninavyokula
kama ambavyo hajawahi kutazama ubao.
Nikachukua haragwe moja.
Nikalitafuna polepole, macho yangu kwake.

Akaangalia sahani yake.
Akaniangalia mimi.
"Mama," akasema, "niwekee, lakini si mengi."